Sanduku la Mfalme Yoashi

Somo: 2 Wafalme 12:1–16

Twawasalimu ninyi mnaojitayarisha kwenda shambani kuchuma majani chai kabla jua halijawa kali, ninyi mlio njiani kupeleka ndizi sokoni, na ninyi wazee wetu mlioketi karibu na moto mkingoja uji. Twawasalimu hasa akina baba na akina mama ambao watoto wao wamekwisha kuvaa sare asubuhi hii. Mwawatazama wakishuka kilima na mifuko yao, nanyi mwajiuliza moyoni: je, watarudi jioni pamoja na wenzao, ama watarudi saa nne asubuhi kwa kuwa wamefukuzwa kwa ajili ya pesa?

Jambo hilo ndilo tutakalolizungumza leo, na Neno la Mungu litatuongoza. Kama Biblia iko karibu nawe, fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Kama haiko karibu, sikiliza tu, maana habari hii ni nyepesi kushika, nasi tutaisimulia kwa maneno yetu wenyewe.

Alikuwako mtoto wa kifalme jina lake Yoashi. Alipokuwa angali mchanga, nyanya yake Athalia alitaka kuwaua wote wa ukoo wa mfalme ili atawale yeye. Shangazi yake mtoto akamwiba, akamficha katika nyumba ya Bwana. Akakaa humo miaka sita. Alipotimiza miaka saba, kuhani Yehoyada akamtoa, akamvika taji, naye akawa mfalme wa Yuda.

Angalieni, ndugu zangu. Mtoto huyu alilelewa ndani ya hekalu. Alicheza katika nyua zake na kulala chini ya dari yake. Kwa hiyo alipokuwa mtu mzima, alizijua nyufa za ukuta ule kuliko mtu ye yote. Watu wengine waliingia hekaluni siku ya sikukuu, wakaimba, wakaenda zao. Yeye alijua mahali mvua inapopenya. Ndipo akatoa amri: fedha ziletwazo katika nyumba ya Bwana zitumike kuzitengeneza nyufa. Fedha zenyewe zilikuwa za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile zilizowapasa watu kutoa kwa hesabu ya vichwa vyao, kama kodi. Namna ya pili ni zile ambazo mtu alijisikia moyoni mwake kuzitoa kwa hiari. Makuhani wakaambiwa wazipokee, kila mtu kwa watu anaojuana nao, kisha watengeneze ukuta.

Miaka ikapita. Mfalme akafikisha mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na nyufa zilikuwa zingali zile zile. Neno la Mungu halisemi kwamba watu walikataa kutoa. Walitoa. Wala halisemi kwamba makuhani walijenga majumba yao kwa fedha hizo. Lasema tu kwamba ukuta haukutengenezwa. Fedha ziliingia mkono huu na mkono ule, kila mmoja na mtu wake anayejuana naye, wala hapakuwa na mahali pamoja ambapo mtu angeweza kuuliza: zimeingia ngapi, na zimekwenda wapi? Wahenga wetu walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi sanduku likatwaliwa, likatobolewa tundu katika kifuniko chake, likawekwa kando ya madhabahu, upande wa kuume wa mtu aingiaye, mahali ambapo kila mtu huliona. Fedha zikatiwa humo. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walipanda pamoja, wakazihesabu, wakazipima, wakazitia mikononi mwa wasimamizi wa kazi. Nao wakawalipa maseremala, waashi na wakata mawe, wakanunua miti. Ukuta ukatengenezwa.

Ndugu msikilizaji, shule ya umma iliyo karibu na nyumbani kwako ndiyo hekalu lenye nyufa. Wengi wetu tumelelewa ndani yake. Tulikaa kwenye madawati yake, tukafutia kalamu kwenye kaptura zetu, tukajifunza humo kusoma Biblia hii tunayoifungua leo. Kwa hiyo twazijua nyufa zake. Wala hakuna awezaye kuliambia kanisa kwamba shule si kazi yake. Kanisa letu la Anglikana lilianza Shule ya Maseno mwaka 1906. Hapa Gusii, ndugu zetu Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafika Nyanchwa mwaka 1912, na wote walihubiri huku wamebeba ubao na chaki. Serikali ilikuja nyuma. Shule yake ya Kisii ilifunguliwa mwaka 1934. Hata Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilipotuondolea usimamizi wa shule, ilituacha tukiwa wafadhili. Tutarudi kwenye neno hilo.

Kwanza tutazame jinsi fedha zilivyokwenda, kwa maana mwenye kusahau historia hulipa karo yake mara mbili.

Tarehe 12 Desemba 1973, siku kuu ya Jamhuri, Rais Kenyatta alitangaza kwamba madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi hayatalipiwa karo. Watu wakafurahi mno. Januari 1974 shule zikafurika. Wanafunzi wa shule za msingi katika nchi nzima wakapanda toka kiasi cha milioni 1.8 hadi kiasi cha milioni 2.7 katika mwaka mmoja. Lakini madarasa yalikuwa yale yale, na walimu walikuwa wale wale. Watoto wakahitaji mahali pa kuketi. Shule zikaanza kuwatoza wazazi pesa za majengo. Mahali pengi pesa hizo zilizidi karo iliyokuwa imefutwa, na watoto wa maskini wakarudi nyumbani kimya kimya. Karo ilikuwa imebadili jina tu.

Mwaka 1985 ukaja mpango wa 8-4-4, na wazazi wakaombwa kujenga madarasa ya nane na karakana. Mwaka 1988 serikali ikakubali siasa ya kugawana gharama na wananchi, na mzigo wa wazazi ukazidi. Katika miaka ya 1990 watoto wengi waliachwa nje ya lango. Kisha Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi zote, ikaweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Wanafunzi wakapanda toka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka 2004 hata mzee Kimani Maruge wa huko Eldoret, mwenye miaka 84, akavaa kaptura na soksi akaingia darasa la kwanza, kwa sababu alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa.

Hayo yalikuwa mema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mamilioni ya watoto wa wakulima wameingia darasani ambao wasingaliingia. Lakini kiasi cha miaka sita baada ya 2003 ilionekana kwamba sehemu ya fedha za elimu ya bure ilikuwa imeliwa njiani, na Uingereza na Marekani zikasimamisha misaada yao kwa mpango huo. Na mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bibi Nancy Gathungu, alionyesha bungeni mambo mawili yanayoumiza yakisikiwa pamoja. La kwanza, shule za kweli, zenye watoto wa kweli, zilikuwa zimepunjwa mabilioni ya shilingi kwa muda wa miaka kadhaa. La pili, zilikuwako shule hewa, ambazo hazina dawati wala mtoto, na ambazo zilipelekewa fedha. Basi ndugu, mtoto aliyeko hakupewa, na asiyekuwako akapewa!

Sasa na tuje hapa kwetu. Kebirigo yetu imo katika Kaunti ya Nyamira, kaunti yenye watu 605,576 kwa hesabu ya mwaka 2019, katika nchi ya vilima, mashamba madogo na watoto wengi. Kiwanda cha majani chai kiko hapa hapa. Na kila mkulima wa chai anajua jambo moja ambalo Mfalme Yoashi alijifunza kwa miaka 23: usiondoke mbele ya mzani kabla hujauona.

Tuwaulize, akina baba na akina mama. Ukifikisha majani yako kituoni, waweza kuyatupa pale ukaenda zako? La. Wasimama. Walitazama kapu likitundikwa. Watazama namba. Kama karani amekosea kilo mbili, wapiga kelele mpaka jirani asikie. Wachukua karatasi yako, waikunja, waiweka mahali pasipofika maji. Bonasi ikitangazwa, kila nyumba huifanyia hesabu upya. Hayo yote kwa ajili ya majani. Lakini mtoto wako, ambaye thamani yake yapita majani ya milima yote ya Gusii, wampeleka shuleni Januari na hujauliza hata siku moja: shule hii ilipelekewa shilingi ngapi kwa ajili yake, zimefika ngapi, na zimefanya kazi gani?

Tuutazame basi mzani huo pamoja. Kiasi kilichowekwa na serikali kwa mtoto wa shule ya msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku zote za mwaka, ni chini ya shilingi nne kwa siku. Kwa mtoto wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, ni shilingi 15,042. Kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, tangu mwaka 2018, ni shilingi 22,244. Fedha hizi hutakiwa kuletwa kwa mafungu matatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, na asilimia 20 muhula wa tatu. Shule ya msingi yenye watoto 300 ingepaswa kupata shilingi 426,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini si kidogo hata zisiulizwe.

Kisha fahamuni ni nani wa kuulizwa. Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti kazi ya shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari ni kazi ya serikali ya taifa. Tukimlaumu gavana kwa paa la shule ya msingi, tumebisha mlango wa jirani na mwenye nyumba amelala.

Katika habari hii ya Yoashi twaona mambo matatu ya kutufaa.

Jambo la kwanza: kodi ni kodi, na hiari ni hiari. Mfalme alizitaja namna mbili za fedha wala hakuzichanganya. Kumfundisha mtoto ni deni la serikali. Katiba, katika kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Harambee ni sadaka ya upendo. Wazee wetu waliijua risaga, jirani akimlimia jirani shamba lake kwa furaha, na kwa roho hiyo hiyo walijenga shule nyingi mnazoziona katika vilima hivi. Lakini sadaka ikiwa ya lazima, na mtoto akifukuzwa kwa ajili yake, hiyo si sadaka tena. Ni ile karo ya 1974 iliyobadili jina. Leo yaitwa pesa za mtihani, kesho rimu ya karatasi, kesho kutwa mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na bodi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 29, yasema maneno yaliyo wazi kabisa. Shule ya umma haiwezi kutoza karo ya masomo. Malipo mengine yaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri, lakini mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa sababu hayakulipwa. Wala mtu asikusanye malipo bila kutoa risiti rasmi. Umesikia, mama? Risiti. Kama ile ya majani chai.

Hapa mtu atatuambia: "Mchungaji, ninyi mwasema kwa urahisi. Mwalimu mkuu afanye nini? Mwenye mahindi anadai, mpishi anadai, mlinzi anadai, na fedha za serikali hazijafika." Ni neno la haki, wala tusimhukumu mwalimu upesi. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe, Bwana John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haina uwezo wa kulipa kiasi chote kilichowekwa kwa kila mwanafunzi. Basi mwalimu mkuu amewekwa kati ya sheria isemayo asimfukuze mtoto na ghala lisilo na maharagwe. Wengi wao hubeba mzigo huo peke yao, hawalali usiku. Ndiyo maana twahitaji sanduku lililo wazi. Upungufu ukifichwa huzaa chuki na uvumi kati ya wazazi na walimu. Upungufu ukisemwa mbele ya wote, kwa namba, wazazi huweza kufanya mambo mawili: kutoa kwa hiari wakijua kwa nini wanatoa, na kuidai serikali wakijua ni kiasi gani wanadai. Mbunge aweza kuyakimbia manung'uniko. Karatasi yenye hesabu na sahihi za wazazi mia mbili ni vigumu kuikimbia.

Jambo la pili: fedha zilihesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Mmoja wa serikali, mmoja wa nyumba ya Mungu. Mwandishi hakuhesabu peke yake, wala kuhani hakuhesabu peke yake. Hapa ndipo lile neno "mfadhili" linaporudi. Sheria ya 2013 yaipa bodi ya shule wajumbe sita waliochaguliwa na wazazi, na wajumbe watatu wa mfadhili. Katika shule nyingi mfadhili huyo ni kanisa. Viti vitatu, ndugu zangu! Ni nani aketiye katika viti hivyo? Je, ni mtu anayejua kusoma hesabu na asiyeogopa kuuliza? Ama ni mtu aliyewekwa kwa heshima, afungue mkutano kwa maombi, anywe chai, aufunge kwa maombi, aende nyumbani? Maombi ni mema, lakini kuhani mkuu hakwenda kwenye sanduku kuomba tu. Alikwenda kuhesabu.

Wako watakaotuonyesha mstari wa 15, ambao wasema kwamba wale wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Watasema: mbona mwatudai hesabu, nasi tu watu wa Mungu? Tujibu kwa upole: msomeni sura yote. Kabla ya kufika mstari wa 15 tumepita sanduku, tundu, walinzi wa mlango, wahesabuji wawili na mizani. Wale mafundi waliaminiwa kwa sababu fedha zilifika mikononi mwao zikiwa zimehesabiwa mbele ya mashahidi, na kwa sababu ukuta ulionekana ukisimama.

Jambo la tatu: fedha zile zilitumika kwa nyufa. Neno lasema kwamba hazikufanywa vikombe vya fedha, wala mabakuli, wala tarumbeta. Vyombo hivyo si vibaya, vilihitajiwa pia. Lakini kwanza ukuta. Nasi tuulize katika shule zetu: ufa uko wapi? Tukipita barabarani twaweza kuona lango zuri limepakwa rangi, na ndani yake watoto wa chekechea wameketi chini. Ama basi jipya limeegeshwa, na watoto wanne wanasomea kitabu kimoja. Lango ni tarumbeta. Basi la shule ni kikombe cha fedha. Ufa ni yule mtoto wa gredi ya nne asiyeweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Ufa ni darasa la sekondari msingi lisilo na mwalimu wa sayansi. Ufa ni choo kinachomfanya msichana abaki nyumbani siku zake zikifika.

Na tuwe waangalifu tusipake chokaa juu ya ufa. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, shule kadhaa za eneo letu zilipanda juu sana. Wengine nchini walishangilia, wengine wakatilia shaka, hata wabunge wakafanya uchunguzi. Hatusimami hapa kumhukumu mtoto ye yote. Twasema hili tu: alama njema iliyopatikana kwa jasho ni ukuta, alama iliyonunuliwa ni chokaa, na mvua ya kwanza itaiosha. Mzazi anayechanga pesa ili mtihani uvujishwe amelipa ili mwanawe adanganywe.

Kuna na neno la kuwaambia ndugu zetu wenye uwezo. Wengi wenu mmewatoa watoto wenu katika shule ya umma na kuwapeleka akademi. Hatuwezi kuwakataza, kila mzazi amtafutia mwanawe lililo jema. Lakini fahamuni kwamba mlipoondoka na mtoto mliondoka pia na sauti yenu. Mwalimu, karani, muuguzi, mwenye duka, hao ndio waliokuwa wakisimama katika mkutano wa wazazi na kuuliza maswali. Sasa amebaki mjane anayechuma chai ya watu, naye anaogopa kuuliza asije mwanawe akachukiwa. Twawasihi mrudi mkutanoni, hata kama watoto wenu hawasomi pale. Yehoyada hakuwa na ufa nyumbani kwake, lakini alikwenda kuhesabu. Nawe ulikwenda shule ile. Ilikuficha na umaskini, kama Yoashi alivyofichwa na Athalia.

Sasa tufanye nini? Twawaomba mambo matatu, nayo yawezekana kabla muhula huu haujaisha. Kwanza, kila ushirika uwajue kwa majina wajumbe wake watatu katika bodi ya kila shule tunayoifadhili, na mara moja kila muhula wasimame baada ya ibada, waeleze fedha zilizoingia na zilizotoka. Pili, tuombe kwa heshima kwamba hesabu hizo zibandikwe ukutani mahali ambapo mzazi huweza kusoma: zilizotakiwa kufika, zilizofika, zilizotumika. Asiyejua kusoma, mwanawe amsomee; hilo nalo litakuwa somo jema. Tatu, katika kila ushirika tuweke mfuko mdogo wa kumrudisha darasani mtoto wa jirani aliyefukuzwa. Haba na haba hujaza kibaba. Bonasi itakapokuja, na itolewe humo sehemu yake, mbele ya wote, na risiti iandikwe. Na tukimrudisha mtoto, tuende pamoja naye, tuzungumze na mwalimu kwa upole, tukiwa na ile sheria ya 2013 mkononi.

Wapenzi, sura hii ya 12 haimaliziki kwa furaha. Baadaye Hazaeli mfalme wa Shamu alikuja kupigana na Yerusalemu. Yoashi akaogopa, akachukua vitu vyote vilivyowekwa wakfu na dhahabu yote ya hazina, akampelekea. Yaliyokusanywa kwa miaka mingi yakaondoka kwa siku moja. Twaliona hilo kila mara: wazazi wa shule moja huamka, huweka hesabu sawa, ukuta husimama, kisha mwenyekiti mwema hufa au mwalimu mwema huhamishwa, na sanduku hufunikwa kwa kitambaa. Kwa hiyo wafundisheni vijana kuhesabu pamoja nanyi, ili mkiondoka wajue tundu liko wapi.

Mwokozi wetu alimwita mtoto mdogo, akamsimamisha katikati ya wanafunzi wake walipokuwa wakibishana juu ya ukubwa. Hakumsimamisha nyuma, wala nje ya lango. Alimsimamisha katikati, ili kila mtu amwone anapozungumza. Tukimweka mtoto katikati ya mkutano wa bodi, katikati ya hesabu, katikati ya bajeti ya serikali, maneno mengi yatapungua, na fedha zitajua njia ya kwenda.

Na tuombe.

Ee Baba wa mbinguni, wewe uliyemlinda mtoto Yoashi katika nyumba yako, walinde watoto wa Kebirigo na wa nchi yetu yote. Mkumbuke yule aliyerudishwa nyumbani asubuhi hii na kuketi mlangoni na mfuko wake. Watie nguvu walimu wanaofundisha wakiwa na njaa na madeni. Wape wakuu wa nchi yetu hofu ya kuzigusa fedha za watoto. Wape wazazi ujasiri wa kuuliza kwa upole, na wajumbe wetu mikono safi ya kuhesabu. Nasi sote utupe mioyo ya hiari, ili nyufa zizibwe katika siku zetu. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.